Barazani kwa Bi. Mwalimu: Historia ya chuoni si ile ya kidato cha nne

Majina ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, yametoka, na nyumba nyingi za Mombasa sasa zina kijana mwenye barua ya kuitwa chuoni. Ndiyo maana sanduku langu limejaa. Nimechagua barua nne zinazohusu somo nililolifundisha maisha yangu yote ya kazi, Historia. Nimezifupisha, na majina ya wenyewe nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Bi. Mwalimu. Mimi ni kijana wa Likoni. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, nilipata B, na Historia na Serikali nikapata A. Nimeitwa chuo kikuu kusoma shahada ya sanaa, historia. Mjomba ndiye atakayenilipia. Yeye ana ofisi ya kliaringi, na anasema niachane na habari za wafu, nichukue ununuzi na ugavi nije nimsaidie bandarini. Mama hasemi kitu. Mimi historia naipenda, lakini sitaki kumaliza miaka minne halafu nirudi kukaa maskani. Nifanye nini? (Njia Panda, Likoni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo A.

Nianze na mjomba. Swali lake ni la haki. Anayetoa karo lazima aulize pesa zake zinakwenda wapi, na ukimjibu kwa kununa atajua kwamba hata wewe hujui. Nenda kwake siku ametulia, ukiwa na majibu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba shahada uliyoitiwa haikufanyi mwalimu. Mwenye shahada ya sanaa katika historia hasajiliwi na TSC, tume ya walimu, mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Aliyesoma shahada ya elimu, akachukua historia pamoja na somo la pili kama Kiswahili, jiografia au dini, husajiliwa akimaliza, ilimradi KCSE alipata C+ ya jumla na C+ katika kila somo kati ya yale mawili ya kufundishia. Nimewaona vijana wakiligundua hili mwaka wa tatu, wakati kubadilisha kumekuwa kugumu. Wewe lijue kabla hujafunga begi.

La pili ni chungu kidogo. Hata huyo aliyesajiliwa haandikwi kazi kesho yake. Hapa Mombasa wako walimu wazuri wa historia wanaolipwa na bodi ya shule, au walio kwenye mkataba, huku wakingoja miaka. Usimfiche mjomba hilo, maana analijua. Mwambie pia upande wa pili: wanafunzi wangu waliosoma historia wametawanyika. Yuko aliye kwenye makumbusho, yuko mwandishi wa habari, yuko aliyeongeza sheria na sasa ni wakili, na yuko binti aliyeingia idara ya utamaduni ya kaunti. Hakuna hata mmoja aliyepewa kazi kwa sababu anajua mwaka wa Mkutano wa Berlin. Walichukuliwa kwa sababu wanaweza kusoma rundo la karatasi zinazopingana, wakasema kwa ukurasa mmoja ni ipi ya kuaminiwa, na kwa nini.

Na hapo ndipo mjomba wako atakuelewa kuliko mtu yeyote. Kazi yake yeye ni kushika manifesto, ankara na hati ya shehena, azilinganishe na mzigo ulio ndani ya kontena. Karatasi zikisema magunia 400 na ndani mkawa na 380, anajua mtu fulani kaandika asichokiona, au kaandika alichotaka kionekane. Mwanahistoria anafanya kazi hiyo hiyo, ila mzigo wake uliondoka zamani na karatasi ndizo zilizobaki.

Tena hizo habari za wafu anazozisema ni habari za bandari yake. Muulize baba yake alifanya kazi gani mwaka 1947. Januari ya mwaka ule mji wote ulisimama: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hotelini, mpaka watumishi wa majumbani. Wagomaji walikisiwa kufika 15,000, na mikutano yao waliifanya kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda baraza la kuangalia mishahara, na katika miaka ya 1950 ule utaratibu wa vibarua wa kuchukuliwa kwa siku ukaanza kuvunjwa, makuli wakaandikishwa. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika kitabu kizima juu ya makuli wa Mombasa, kikatoka mwaka 1987. Kijana wa Likoni anayepanda feri kila siku akiitazama Kilindini ana kila sababu ya kujua kwa nini mfanyakazi wa pale analipwa anavyolipwa.

Sasa ushauri wangu wenyewe, maana umeuliza ufanye nini. Chukua historia, lakini ipitie kwenye shahada ya elimu, Historia na Kiswahili, iwapo Kiswahili chako kimefika C+. KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho, usiukose. Likizo ndefu nenda ofisini kwa mjomba, ujifunze kazi yake na akulipe chochote. Ukimaliza utakuwa na cheti cha kufundisha, ujuzi wa ofisi, na somo ulilolipenda. Kama uhamisho hautapatikana, nenda na hiyo shahada ya sanaa, lakini tangu mwaka wa kwanza weka akilini ile stashahada ya ziada na gharama yake, na fomu ya HELB, ya mkopo wa elimu ya juu, uijaze mapema.

Na mama yako, muulize kando. Mama asiyesema kitu mara nyingi ana la kusema.

SWALI: Salaam aleikum Bi. Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu. Tulipewa insha: "Jadili sababu za uasi wa Yusuf bin Hassan, 1631." Nilitoa sababu saba, kila moja na maelezo yake, kama tulivyofundishwa sekondari. Nimepata 41 kwa 100. Pembeni mhadhiri ameandika, "Hii ni orodha. Hoja yako iko wapi? Umejuaje?" Nililia usiku kucha. KCSE swali hilo ningepata zote 15. Je, amenionea? (Binti wa Kibokoni)

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Futa machozi. Hakukuonea, na wewe si mjinga. Umeandika jibu zuri la mtihani mwingine.

Sisi walimu wa sekondari tulikuzoesha hivyo kwa makusudi. Karatasi ya Historia na Serikali ina sehemu B na C zenye maswali ya alama 15, na msahihishaji ana mwongozo mkononi: ukitaja hoja iliyomo unapata alama, usipoitaja huipati. Kwa mtihani ule ndiyo njia. Mhadhiri wako hana mwongozo wa namna hiyo. Sababu zako saba anazijua, tena pengine anazo kumi. Anachokitaka ni kukuona ukizipima, na zaidi ya hapo, kukuona ukiuliza hizo sababu zimetoka kinywani mwa nani.

Tuichukue hiyo 1631 yenyewe, maana ilitokea mtaani kwenu.

Yanayokubaliwa na wengi ni haya. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na wakamleta mfalme wa Malindi, rafiki yao, atawale Mombasa. Urafiki ukaharibika. Sultani Hassan bin Ahmad akagombana na kapiteni wa Ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, akapelekwa Goa, makao ya Wareno huko Bara Hindi, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akalelewa na mapadri wa Augustino. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, Mkristo, aliyesoma Kireno. Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni, na akarudi kwenye Uislamu hadharani. Wareno waliuawa, na Waafrika Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa pamoja nao. Kikosi cha Goa kilikuja 1632 kikashindwa kuitwaa Ngome, na mwaka huo huo Yusuf akaiacha mwenyewe, akaondoka na merikebu alizoziteka. Alikufa 1638.

Sasa swali la mhadhiri: umejuaje? Sababu ulizoandika, kwamba alidharauliwa na kapiteni, kwamba alionekana akiomba dua kaburini kwa baba yake kwa desturi ya Kiislamu, kwamba alihofia kupelekwa Goa kushtakiwa, zimetoka wapi? Sehemu kubwa zimetoka kwenye ushahidi uliokusanywa Goa mwaka 1632, kwa walionusurika. Na ushahidi ule ulikusanywa kwa kazi maalumu: Kanisa lilitaka waliouawa Mombasa watambuliwe kuwa mashahidi wa dini, yaani watu waliokufa kwa ajili ya imani yao. Basi fikiri. Shahidi anayekaa mbele ya mapadri wanaotafuta mashahidi wa dini ataulizwa nini? Ataulizwa kama marehemu walikataa kuiacha imani yao. Hataulizwa kodi ya Pemba ilikuwa kiasi gani, wala nani alikuwa akikata faida ya pembe na nafaka. Likikosekana jambo katika ushahidi ule, usikimbilie kusema halikuwapo. Huenda halikuulizwa.

Hapo ndipo insha inapoanza. Mfano wa hoja, ambayo unaweza kuikubali au kuipinga: "Uasi wa 1631 ulikuwa kwanza ugomvi wa mamlaka kati ya mfalme na kapiteni, umekuja kuonekana vita vya dini kwa sababu waliotuandikia walikuwa wakitafuta mashahidi wa dini." Umeona? Hiyo inaweza kukanushwa, na ndiyo maana ni hoja. Kisha lazima ukutane na kinachoipinga, usikikwepe. Ikiwa dini haikuwa kiini, mbona Waafrika Wakristo, ambao hawakuwa na mamlaka yoyote, walitakiwa wasilimu au wafe? Hilo ni gumu kwa hoja yako. Aya utakayoiandika kulijibu ndiyo itakayokutoa kwenye 41.

Kuna ushahidi mwingine ulio hatua chache kutoka nyumbani kwenu. Kila mwaka mabasi ya shule yanajaa pale nje, watoto wanaingia mbio kutazama mizinga, na hakuna anayeinua macho. Juu ya lango la Ngome kuna jiwe la maandishi ya Kireno. Ameliweka kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika Ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajisifu kwamba ameijenga upya, kwamba watu wa pwani hii waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu amewarudisha kwenye utii, na kwamba miji ya Pate na Siyu ameipa adhabu isiyopata kuonekana, hata kuta zake akazibomoa. Soma tafsiri yake kwa makini, halafu jiulize: Yusuf ameshaondoka miaka mitatu nyuma, mbona kapiteni bado anaadhibu mji baada ya mji? Mimi naona jiwe lile, bila kukusudia, linatuambia kwamba uasi haukuwa wa mtu mmoja mwenye kinyongo cha baba yake. Wewe unaweza kuona vingine. Andika.

Kuhusu mpangilio, sina mengi. Hoja yako iwe kwenye aya ya kwanza, mhadhiri asiitafute. Sababu saba zipunguze ziwe tatu nzito. Kila unapotaja jambo ambalo si la kila mtu, weka tanbihi uonyeshe umelitoa wapi, na ukilitoa kwenye kitabu cha mwanahistoria wa leo, sema ni yeye anayesema, usilifanye kana kwamba Yusuf mwenyewe ndiye aliyekuambia.

Halafu nenda ukamwone mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi. Usiende kuomba alama. Nenda na aya mbili ulizoziandika upya, umuulize kama hiyo sasa ni hoja. Aliyeandika "umejuaje?" pembeni mwa insha yako ameisoma. Wengi huandikiwa alama tu.

SWALI: Bi. Mwalimu, niko mwaka wa nne na lazima niandike mradi wa utafiti. Bibi yangu wa Kisauni alikuwa kwenye chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, ujana wake. Ana habari nyingi mno: mashindano ya vyama, sare, michango ya harusi na matanga. Nilipomwambia msimamizi wangu alisema, "Hizo ni hadithi za bibi. Lete nyaraka." Nimevunjika moyo. Je, ya bibi si historia? (Mjukuu, Kisauni)

JIBU: Ya bibi ni historia, na msimamizi wako ana nusu ya haki. Nitaanza na yako.

Mwaka 1963 profesa mmoja wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza kwamba Afrika haina historia ya kufundisha, ila ya Wazungu ndani ya Afrika. Sababu ilikuwa hiyo hiyo ya nyaraka. Miaka minne baadaye, 1967, mwanahistoria Mkenya Bethwell Ogot alichapisha historia ya Waluo wa kusini aliyoijenga juu ya masimulizi ya wazee, ukoo kwa ukoo. Tangu hapo Nairobi, Dar es Salaam, Ibadan na kwingineko wamesomesha njia hiyo. Kwa Mombasa hasa, Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa mji huu, yakachapishwa 1989, na Strobel alikuwa ameshaandika juu ya vyama vya lelemama vyenyewe. Mpelekee msimamizi wako kazi hizo. Ataona hukuokota jambo hili njiani.

Na watu wanaotukuza maandishi nawaomba wamkumbuke msafiri Ibn Battuta. Alifika Mombasa mwaka 1331. Ametuachia kwamba watu wake walikula zaidi ndizi na samaki, kwamba nafaka waliletewa kutoka nje, kwamba misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa vizuri, na kwamba kila mmoja alinawa miguu mlangoni kabla ya kuingia. Tunaisoma kama nguzo. Lakini alilala hapa usiku mmoja tu, na habari zake alimsimulia mwandishi nchini Moroko, kazi ikamalizika mwaka 1355. Yaani ni mzee anayekumbuka kwa mdomo usiku mmoja wa miaka zaidi ya ishirini nyuma. Bibi yako aliishi ndani ya lile analolisimulia. Nani kati yao ana haki zaidi ya kuitwa chanzo?

Tunamwamini Ibn Battuta kwa kadiri tu, na tunamlinganisha na vingine. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba kwenye kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, akakuta mabaki ya mji wa kale wa Mombasa ulioanza karne kadhaa kabla ya msafiri huyo kupita. Vigae vya vyungu havisemi uongo, ingawa navyo havisemi kila kitu. Na hiyo ndiyo nusu ya haki ya msimamizi wako: masimulizi peke yake hayatoshi, kama vile nyaraka peke yake hazitoshi.

Basi fanya hivi. Mwombe bibi ruhusa waziwazi, umweleze kwamba maneno yake yataandikwa na yatasomwa na watu asiowajua. Wako wanawake wa umri wake ambao hawataki wajukuu wa wenzao wasome nani alimtukana nani kwenye ngoma, na hiyo ni haki yao. Mrekodi. Usimkatize, usimsahihishe mwaka. Wazee wetu wengi hawahesabu kwa kalenda, kwa hiyo muulize: kabla ya mgomo wa 1947 au baada? Ulikuwa umeshaolewa? Uhuru ulikukuta na watoto wangapi? Kila anaposimulia jambo, muulize kwa upole alilijuaje, alikuwapo au aliambiwa. Nyimbo zile za mafumbo ziandike neno kwa neno, na chini yake uandike yeye anasema zilimlenga nani na kwa nini.

Kisha mtafute mwanamke wa chama kilichoshindana na chao. Hili watu hulikwepa kwa sababu ya haya, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Pale bibi yako na mpinzani wake watakapokubaliana una jambo la kulishika. Watakapotofautiana una sura nzima ya mradi. Baada ya hapo rudi kwenye nyaraka kama ulivyoambiwa: magazeti ya wakati ule, Mombasa Times likiwamo, taarifa za mwaka za wilaya, na picha za harusi zilizo kabatini kwa watu. Mwishowe msomee bibi sura inayomhusu kabla hujaikabidhi.

Lakini anza wiki hii kwa bibi. Nyaraka zitangoja.

SWALI: Mwalimu, mimi nasoma historia mwaka wa tatu na nataka kwenda Nyaraka za Taifa Nairobi kutafuta habari za Mombasa ya ukoloni. Sijawahi kwenda, na pesa zangu ni za siku chache tu. Pia: ni lazima nijue Kiarabu? (Msafiri, Changamwe)

JIBU: Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, katikati ya mji, katika jengo lililokuwa benki zamani. Zilianzishwa kwa sheria mwaka 1965. Chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, mzuri sana, lakini uache mpaka siku ya mwisho, usije ukamaliza asubuhi yako pale. Chumba cha kusomea ndicho unachokitaka. Nenda na kitambulisho, barua ya idara yako, na ada ndogo ya kujiandikisha. Chukua penseli. Kwa kawaida jalada la serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka thelathini, kwa hiyo ukoloni wote u wazi isipokuwa vichache.

Kwa kuwa siku zako ni chache, fanya kazi ya kutafuta ukiwa bado hapa Mombasa. Soma vitabu na makala za waliokutangulia, na uangalie tanbihi zao: namba za majalada zimo humo. Zinazoanza na DC/MSA ni za wilaya ya Mombasa, zikiwamo taarifa za mwaka za mkuu wa wilaya. Ingia Nairobi na orodha yako imeshaandikwa, agiza majalada mara tu chumba kinapofunguliwa, maana kuletewa huchukua muda. Uliza kwanza kama picha zinaruhusiwa na kwa bei gani. Namba ya jalada na tarehe ya barua uziandike kabla hujanukuu hata neno moja. Na ukisoma taarifa za wale wakuu wa wilaya, kumbuka waliziandika ili wakubwa wao wawaone wamefanya kazi. Mwaka wanaosema "wilaya imetulia" ndio wa kuchunguza zaidi.

Kiarabu si lazima kwa shahada ya kwanza. Lakini kama ulisoma madrasa, usiiache elimu ile ilale. Waswahili waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya hati hizi tunazotumia sasa: tenzi, barua za biashara, wasia, hesabu za mashamba. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakipigana na Sayyid Said, sultani wa Oman, mpaka Mombasa ilipochukuliwa 1837, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua na mmishenari Mwingereza W. E. Taylor waliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na karatasi za Taylor ziko London. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu, na ilikaa bila kuchapwa mpaka 1995. Wanafunzi wa historia wanaoweza kuisoma hati ile ni wachache, na wengi wa waliosomea madrasa za mji huu wanahitaji mazoezi tu: irabu hazionekani vizuri, na sauti za p, v na ch kila mwandishi alizitafutia njia yake. Anza na barua moja ya zamani ya nyumbani kwenu, au ya jirani, uisome pamoja na mtu mzima anayejua majina ya watu waliotajwa.

Ukirudi kutoka Nairobi na kukawa na majalada uliyoshindwa kuyamaliza, nipe namba zake. Kila likizo kuna mwanafunzi wangu anayekwenda huko, na anaweza kukutazamia ukurasa mmoja au miwili.